Tairi za Ghati Zinaliwa kwa Ndani

Mume wangu Olima ni fundi mzuri wa alaimenti, kunyoosha magurudumu ya gari, na sisemi hivyo kumsifu. Leo siko kwenye kumsifu. Nasema ili baadaye msije mkaniambia, "Akello, labda alikosea." Olima hakosei gari.

Alizaliwa Utegi kwenye familia ya wakulima, mihogo na mtama, akaenda Musoma kutafuta ufundi. Huko aliingia gereji moja iliyokuwa na shimo la kushukia chini ya magari, akajifunza kunyoosha magurudumu kwa kamba na mianzi. Alipotoka, alikuwa anaweza kusimama nyuma ya gari linalokwenda akakwambia gurudumu lipi limekaa vibaya. Mimi ni binti wa Tomaso, mziba pancha wa Sirari pale mpakani. Mpira nimeujua kabla sijajua kusonga ugali. Olima alikuja kwa baba kuziba tairi, akanikuta mimi ndiye nalifungua, akasema mwanamke huyu hatanisumbua. Haya.

Tulipooana tukafungua uwanja wetu Tarime, pembeni mwa mji, pale magari ya Nyamongo yanapoingilia. Tukagawana kazi. Tairi na upepo ni mimi, usukani ni yeye. Watu wakatuzoea hivyo, na mimi nikazoea kujiona nusu ya ule uwanja.

Miaka hiyo dhahabu ya Nyamongo ilikuwa imewapa watu wazimu. Walimu waliacha chaki, wazee waliuza ng'ombe wakanunua sururu, na kila mwenye pikapu aliipeleka kubeba viroba vya mawe kutoka mashimoni kwenda kwenye karasha za kusagia. Barabara yenyewe, Mungu wangu! Gari linakwenda zima linarudi linachechemea. Kwetu ikawa ni neema, maana kila lililopinda lilipita mlangoni petu.

Olima alikuwa na masharti yake, na hakuna mteja aliyeyavunja. La kwanza, hagusi usukani kabla mimi sijapitisha tairi. "Anza kwa Min Dorah," anamwambia mteja, maana ndivyo anavyoniita, mama wa binti yetu Dorah. Na ana haki. Tairi la kushoto likiwa na upepo mdogo, gari litavuta kushoto hata ukilipima mpaka jua lizame. Ukiweka jipya upande huu na kipara upande ule, ni mtu aliyevaa kiatu mguu mmoja na ndala mguu mwingine. Utamnyoosha vipi huyo?

La pili, gari halipimwi tupu. Huko mijini wanapima tupu kwa sababu wanabeba mikoba. Gari la Nyamongo likipakia mawe, nyuma inakaa chini, pua inainuka, na magurudumu ya mbele yanabadilisha mkao. Kwa hiyo uje na viroba vyako, na anayeendesha akae kwenye siti yake kama anavyokaa siku zote. Madereva walinung'unika mwanzoni. Walipoona tairi zao zinamaliza kiangazi na masika, wakanyamaza.

La tatu ndilo alilojivunia zaidi. Magurudumu ya mbele yanashikwa na vyuma vya usukani, tairodi, na ukishazizungusha ukapata kipimo unazifunga kwa nati. Olima akishafunga nati anachovya kijiti kwenye kopo la rangi nyeupe, anachora mstari mmoja unaopita juu ya nati na juu ya chuma. Barabara ikilegeza nati, mstari unakatika. Nati isipoguswa, mstari unabaki mzima. "Hii ndiyo sahihi yangu," anasema. Shikeni hapo kwenye rangi nyeupe.

Sasa Ghati.

Ghati alikuwa mjane wa Kikurya kutoka Nyarero. Mumewe alipofariki aliuza sehemu ya mifugo, akanunua pikapu ya Hailaksi, akajifunza kuendesha, akaingia Nyamongo kubeba mawe kama mwanaume. Siku ya kwanza aliingia uwanjani kwetu kiwiko kiko dirishani, kitenge kimekaa mwilini utadhani kimeshonwa akiwa ndani yake, na kucha nyekundu kama pilipili. Kucha! Anabeba mawe na ana kucha nyekundu! Mimi nilikuwa nimechuchumaa kwenye beseni la maji natafuta tundu la mpira, mikono myeusi ti. Nikamchukia hapo hapo, sitafuti maneno mengine.

"Hujambo, dada," akaniambia. "Gari langu linavuta kushoto mpaka bega linauma."

Nikaliangalia. Kweli lilikuwa na haki ya kuvuta. Mbele lilivaa tairi mbili zisizofanana, moja nene moja imechoka, na springi ya nyuma kushoto fundi fulani alikuwa ameiongezea jani huku kulia akaacha vilevile, kwa hiyo gari zima limeinama kama mtu mwenye ndoo mkono mmoja. Nikampa tairi zinazolingana, nikaweka upepo sawasawa, Olima akalitoa lile jani la ziada, kisha akatandaza kigunia chake akaingia chini.

"Kaa kwenye siti, mama," akasema huko chini. "Kaa kama unavyokaa ukiendesha."

Ghati akakaa. Mlango akauacha wazi, mguu mmoja nje. Wakawa wanaongea, yeye juu, mume wangu chini. "Mura," akamwita, "huko chini hulali?" Mura! Hilo ni neno wanaloitana vijana wa Kikurya. Olima ni Mluo, mtu mzima, kichwa kimeanza mvi. Nikasubiri amwambie, mama, mimi si mura wa mtu. Badala yake nikasikia anacheka. Olima akiwa chini ya gari huwa hacheki, huwa anaguna tu.

Nikasema moyoni, haya, mteja ni mteja. Gari likaondoka limenyooka.

Ijumaa iliyofuata likarudi. Nikapitisha kiganja juu ya tairi za mbele kama baba alivyonifundisha. Ukitoka ndani kwenda nje, laini. Ukitoka nje kurudi ndani, mpira unakukwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Na kingo za ndani zimeanza kuliwa, kulia na kushoto. Tairi likisema hivyo maana yake magurudumu yamefunguka mbele, kila moja linataka kwenda kwake, na barabara inayaburuta. Nikamwambia Olima. Akasema, "Ni barabara." Akaingia chini, akapima, akafunga, akapaka rangi. Ijumaa nyingine, Ghati huyo! Na nyingine tena.

Jamani. Gari lililopita kwa Olima nililijua. Lilikuwa halionekani tena mpaka majira yabadilike. Kwa nini hili moja?

Mimi si mjinga. Nilijua mwanamke anayetaka kumwona fundi anafanya nini: anaharibu gari. Anapunguza upepo kidogo njiani, au anabadilisha tairi, nzuri anaziacha Nyarero, mbovu anazivaa Ijumaa. Basi nikaanza kumchunga. Nikaweka alama ya chaki ndani ya rimu mahali asipoona. Akarudi na alama yangu. Nikajaza upepo kwa geji ya baba, wiki ikaisha, nikapima, upepo ule ule. Nikamwambia, kwa ukali, kwamba tairi hizi zimekwisha, anunue mpya zote mbili. Nilidhani atakataa. Akanunua. Nikachukua nondo nikatikisa bushi na vishikio vyote vya magurudumu, nikisali nikute kitu kimelegea ili nijue ni mbinu yake. Hakuna kilicholegea. Ijumaa, tairi mpya zimeanza kuliwa kwa ndani.

Wakati huo huo nilikuwa na macho mengine. Olima alianza kuvaa shati safi siku za Ijumaa. Shati safi, kulalia mavumbi! Alinyoa ndevu Alhamisi jioni. Chini ya Hailaksi ile alikuwa anaimba nyimbo za kwaya, na Olima kwaya aliacha kabla ya Dorah kuzaliwa. Mama mkwe wangu alipokuja kututembelea alikaa kwenye kigoda chake uwanjani, akamtazama Ghati akishuka garini, akaniuliza taratibu kwa Kijaluo, "Huyu ana ng'ombe wangapi?" Nikamjibu sijui. Akasema, "Ndugu zake Olima wote wana wake wawili." Akaendelea kunywa uji wake. Ule uji niliupika mimi.

Sasa mnaelewa nilichokuwa nakiogopa. Sikuogopa kucheka kwao. Niliogopa siku moja nitafika uwanjani nimkute Ghati amekaa kwenye kigoda, na mimi naambiwa nimsalimu mwenzangu. Uwanja ule nilichimba mawe yake kwa mikono yangu. Nusu ile ni yangu, na nusu nyingine nimeolewa nayo. Nisogee wapi?

Nilikwenda Migori, ng'ambo ya mpaka, kwa dada yangu, nikarudi na kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, ile ile ya Ghati. Msicheke. Nilipaka Jumamosi, nikapaka na Jumapili baada ya ibada. Nikimaliza kuziba pancha naosha mikono kwa sabuni ya unga na mchanga, napaka upya. Kichupa nilikiweka kwenye mfuko wa aproni. Siku moja nilimwandalia Olima chakula, nikauacha mkono wangu pale pembeni mwa sahani, vidole vimenyooka. Akala. Akautazama mkono, ninaapa aliutazama.

"Chumvi imekolea leo," akasema.

Nililia jikoni kwa hasira, moshi nao ukasingiziwa.

Mwisho uvumilivu uliniisha. Nikamwuliza uso kwa uso. "Baba Dorah, gari la huyu mwanamke lina nini?"

"Barabara mbaya, Min Dorah."

"Barabara ya Nyamongo anapita Ghati peke yake? Wengine wanaruka?"

"Wewe una wivu."

"Ninao! Nani kakwambia sina? Mwenye ng'ombe ndiye anayechunga, asiye naye analala."

Akacheka akanishika bega, akaenda kuwasha redio. Yawa! Afadhali angenitukana.

Kisha baba yake mdogo akafariki kule Migori, ng'ambo. Olima na ndugu zake wakaondoka kwenda msibani, na mimi nikabaki kushika uwanja. Ijumaa ikafika. Saa za asubuhi Hailaksi ikaingia, viroba vimejaa, Ghati ndani.

"Fundi yuko wapi?"

"Amefiwa. Yuko Migori."

Nikamtazama usoni nione atafanya nini. Nilitaka nione uso unamshuka. Haukushuka. Ghati alishuka, akanipa pole ya msiba vizuri, kisha akapumua kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Basi niangalizie wewe, mama Dorah," akasema. "Kusema kweli mumeo amenichosha. Tairi mpya hizi, ona zinavyoliwa. Kila nikija ananiambia gari hili jeuri, lilete Ijumaa nyingine. Mimi Ijumaa ni siku yangu ya karasha, napoteza zamu kila wiki. Nilitaka kwenda Musoma kwa fundi mwingine, nikaona mtasema nina dharau."

Nilibaki nimeshika geji mkononi. "Yeye ndiye anayekupangia Ijumaa?"

"Nani mwingine? Mimi nina kazi zangu, dada."

Nikamwambia kaa kwenye siti, kaa kama unavyokaa siku zote. Nikatandaza kigunia cha Olima, nikaingia chini na gauni langu hivyohivyo.

Kitu cha kwanza niliangalia nati. Kulia, mstari mweupe mzima. Kushoto, mzima, umekauka vizuri, haukukatika hata unywele. Barabara haikuwa imegusa kitu. Alivyofunga Ijumaa iliyopita ndivyo ilivyobaki. Nikatoka, nikachukua mianzi yake miwili, ile anayoitelezesha mmoja juu ya mwingine mpaka iguse tairi zote mbili. Magurudumu ya mbele ukiyapima upande wa mbele, yanatakiwa yakaribiane kuliko upande wa nyuma kwa unene wa njiti ya kiberiti. Nilipima nyuma nikatia alama. Nilipima mbele. Mbele palikuwa papana kuliko nyuma kwa upana wa kidole. Nikamwambia Ghati asogeze gari kidogo, nikapima tena. Kidole kile kile.

Tairi nilizipitisha mimi. Upepo niliweka mimi. Springi zililingana, bushi nzima, mzigo ndio ule ule, dereva ndiye yule yule kwenye siti. Nati haikutikisika. Kilichobaki ni mkono uliozungusha zile tairodi, kulia na kushoto kwa kiasi kimoja ili usukani ukae katikati na mtu asigundue, kisha ukapaka rangi nyeupe juu yake. Kidole kizima! Hata anayejifunza leo hakosei kidole kizima, tena wiki baada ya wiki.

Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa nakitafuta Nyarero.

Niseme nilivyojisikia? Wivu wangu wote nilikuwa nimemrundikia huyu mwanamke, nikamchukia kucha zake, kitenge chake, kicheko chake, na yeye amekaa hapo juu anasubiri gari lake tu akawahi karasha. Sasa ule wivu haukuisha, msidhani. Ulihama tu, na ulikohamia ulikuwa mchungu zaidi, maana Ghati ningeweza kumfukuza uwanjani. Olima nimfukuzie wapi?

"Vipi, mama Dorah?" Ghati akauliza. "Kuna nini?"

Ningeweza kumwambia. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini mlango wa uwanja ule una jina la mume wangu, na watoto wangu wanakula kwa jina hilo.

"Nati ilikuwa imelegea," nikasema. "Ndiyo iliyokuwa inakusumbua."

Nikalegeza zote mbili. Nikazungusha kulia, nikazungusha kushoto, kiasi kimoja. Nikapima, Ghati akasogeza gari, nikapima, mpaka njiti ya kiberiti ikakaa penye nafasi yake. Nikafunga nati kwa nguvu zote nilizokuwa nazo, na siku ile nilikuwa nazo. Kopo la rangi nyeupe lilikuwa pale pale karibu na kichwa changu. Nikalitazama, nikaliacha. Nikatoa kichupa kwenye mfuko wa aproni, nikachora mstari mwekundu juu ya kila nati.

Ghati akaendesha mpaka kwenye kona akarudi. Akashuka anacheka, akanikumbatia na mavumbi yangu. "Limenyooka kama mshale! Dada, ulikuwa wapi siku zote?"

Nilikuwa hapa hapa, nikataka kumwambia. Nikampungia mkono.

Olima akarudi kutoka msibani. Ijumaa akavaa shati safi. Akakaa akitazama barabara, akasimama, akanywa maji, akakaa. "Yule mama wa Hailaksi hajapita?"

"Hajapita."

Ijumaa nyingine vilevile. Shati likafuliwa, likavaliwa, likachafuka kwa magari ya watu wengine. Kwaya ikakoma. Mimi naziba pancha, nanyamaza. Kila alipoinua shingo kutazama njia ya Nyamongo nilimwona. Nilijua anachokitafuta na hakuniuliza mimi nina nini.

Mvua za vuli zilipoanza, Ghati akaja. Alikanyaga msumari, basi. Tairi la nyuma. Lakini Olima alikuwa ameshasimama, ameshafuta mikono, sauti imebadilika.

"Karibu, mama, karibu! Tulikupoteza. Kaa kwenye siti, nikuangalizie na usukani."

"Usukani hauna shida, mura," Ghati akasema. "Tangu siku ile..."

"Kaa tu, niangalie." Akatandaza kigunia, akaingia chini.

Mimi nilikuwa nyuma ya gari, nimeshika tairi lenye msumari. Nikasikia anaanza wimbo, ule wa kwaya. Kisha wimbo ukakatika katikati ya mstari. Ghati akainama dirishani, akaita, "Mura? Umelala huko?"

Olima alitoka polepole, mgongo umejaa tope. Hakumtazama Ghati. Alinitazama mimi, akashuka na macho mpaka kwenye mikono yangu iliyoshika mpira, akabaki hapo.

"Min Dorah," akasema. "Ile rangi nyekundu..."

"Ni ya kucha," nikamwambia.

Nilikuwa nimeipaka vidoleni miezi, nikaiweka pembeni mwa sahani yake, na hakuiona. Kwenye nati ya gari la Ghati aliiona mara moja.